Chumba cha Pamoja Kiwe na Utaratibu

Mtahiniwa, siku hizi zipo ofisi zinazoruhusu watumishi kufanyia kazi nyumbani baadhi ya siku. Chukua mfano wa mtumishi anayeishi Tangini, Kibaha. Anapanda basi hadi Dar es Salaam kwa ajili ya kikao tu, kisha anakuta chumba cha mikutano kimewekewa jina la mtu ambaye hakutokea. Nauli na muda vimepotea bure. Kwa maoni yangu, kuandika jina daftarini hakutoshi. Asiyefika ndani ya dakika 15 apoteze zamu. Wekeni sheria hiyo hata kwenye darasa la majadiliano. Wenzako wa kutwa wanatoka mbali, na mtihani wa Novemba haumsubiri mtu.