Dawa ya Deni ni Kulipa, Lakini Kumlipa Nani?

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, na hakuna mtu mwadilifu awezaye kuubisha usemi huo. Lakini wahenga hawakusema kwamba alipwe kila apitaye na karatasi mkononi. Ni jambo la kusikitisha kwamba usemi huo wa busara umegeuzwa fimbo ya kuwachapia watumishi wa umma, hasa walimu.

Tuseme mwalimu mmoja wa Ngulyati, wilayani Bariadi, alikopa miaka kadhaa iliyopita ili alimie shamba lake la pamba. Leo anapokea barua ya kampuni asiyoijua. Inasema imelinunua deni lake, imeongeza riba na gharama, na inampa siku saba. Asipolipa, mwajiri wake ataarifiwa. Mwalimu anatetemeka. Haiogopi sheria, anaiogopa aibu. Kesho yake anatuma shilingi chache "kuonyesha nia njema", na kwa mkono wake mwenyewe anajitia kitanzi.

Hapana budi kuielewa biashara hii. Mnunuzi wa madeni hununua kwa bei ya kutupa, kisha hudai fedha zote. Mtaji wake mkubwa ni hofu ya mdaiwa.

Unyonyaji huu haukuwaacha hata majirani zetu. Mwaka 1979 Zambia ilikopa kutoka Romania ili ipate matrekta na zana nyingine. Mwaka 1999 kampuni ya Donegal International ililinunua deni hilo, lililokwisha kufikia dola milioni 30 hivi, kwa dola milioni 3.3 tu. Mwaka 2003 Zambia ilitia sahihi mapatano ya kulikiri. Baadaye Donegal ilidai zaidi ya dola milioni 55 mjini London, na mwaka 2007 mahakama iliamuru ilipwe milioni 15 na ushei. Jaji aliwakosoa vikali watu wa kampuni hiyo, lakini sahihi ilikwisha kutiwa. Kama dola yenye hazina na wanasheria ilinaswa na kalamu yake yenyewe, mwalimu aliye peke yake atapona vipi?

Atapona kwa kujibu, wala si kwa kunyamaza au kulipa kwa pupa. Ajibu kwa maandishi, abaki na nakala, na asikiri wala kulipa chochote kabla ya kupewa vitu vinne: mkataba wa awali wenye sahihi yake, hesabu kamili ya alichokopa na alichokwisha kulipa, hati ya kuuzwa kwa deni hilo, na leseni ya mdai. Huo si ukaidi. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 humtaka anayedai ndiye athibitishe. Aitazame na tarehe: Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 hutoa miaka sita ya kufungua shauri la deni la mkataba, na kukiri kwa maandishi au kulipa sehemu tu kunaweza kuifanya miaka hiyo ianze kuhesabiwa upya. Na mali ambayo haikuwekwa dhamana haikamatwi bila amri ya mahakama.

Suala la leseni si dogo. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Wangapi walikwisha kuzilipa kwa kuogopa kuanikwa mbele ya ndugu na wakubwa wao wa kazi?

Wako watakaosema kwamba kumfundisha mdaiwa haki zake ni kumfundisha dhuluma. Hoja hiyo ni ya kitoto. Mwenye deni halali hapotezi kitu akiombwa hati. Anayepotea ni tapeli. Na barua yenyewe ikithibitishwa, mwalimu alipe, tena kwa heshima, kwa kiasi alichokopa na riba aliyoikubali, wala si kwa kiasi kilichobuniwa na mgeni.

Mwalimu ndiye anayewafundisha watoto wa Ngulyati kusoma na kuhesabu. Itakuwa ajabu kubwa iwapo yeye mwenyewe atapokea barua, asiisome, asiihesabu, akalipa.