Ufunguo wa Ghala na Ufunguo wa Chumba



Tokea kila tawi lilipopewa tovuti yake ndani ya mtandao mmoja wa Chama, manung'uniko yamekuwa mengi. Makatibu wa matawi wasema: "Tumeitwa Wasimamizi, lakini tukitaka kutia programu mpya twakatazwa. Cheo gani hiki kisicho na nguvu?" Wako na watakao kila tawi lipewe cheo cha Msimamizi Mkuu. Sisi twaona manung'uniko haya yana haki ndani yake, lakini dawa inayotakwa itazidisha ugonjwa.

Kwanza yafaa tulifahamu jambo lenyewe. Tovuti zetu zaendeshwa kwa WordPress, ambayo tokea toleo la 3.0 la Juni 2010 yaweza kubeba tovuti nyingi kwa pamoja. Katika tovuti iliyo peke yake, Msimamizi ndiye mwenye kila kitu. Tovuti zikiunganishwa, jina la cheo hubaki lile lile, bali madaraka hupunguzwa. Msimamizi wa tawi aweza kuandika na kufuta makala, kupanga kurasa, na kuwapa watu vyeo vya Mhariri, Mwandishi au Mchangiaji katika tovuti yake. Hawezi kutia programu mpya wala kubadili neno la siri la mtu mwingine. Hayo ni ya Msimamizi Mkuu, ambaye ndiye aanzishaye tovuti.

Sababu yake si dharau. Tovuti zetu zote zatumia mafaili mamoja na hazina moja ya kumbukumbu, mfano wa ghala moja lenye vyumba vingi. Kila mkulima ajua kuwa karafuu zisizokauka zikitiwa guniani pamoja na kavu, gunia zima huingia ukungu. Programu mbovu iliyotiwa kwa ajili ya Wete yaweza kuangusha na tovuti ya Mkoani.

Kadhalika jina la mtumiaji ni moja katika mtandao mzima. Mtu aweza kuwa Msimamizi katika tawi lake na Mwandishi tu katika tawi la jirani, lakini neno lake la siri ni lile lile. Lau kila Msimamizi angeweza kulibadili neno hilo, angeingia kwa jina la mwenziwe mahali pasipomhusu. Basi tukiwapa wote ufunguo wa ghala, tutakuwa kama chombo chenye nahodha wengi, nacho huenda mrama.

Hata hivyo, haki ya matawi iko katika kungoja. Wakati wa msimu haifai tangazo la wachumaji likwame kwa kuwa mwenye ufunguo amesafiri. Kwa hivyo twapendekeza haya:

Kwanza, Wasimamizi Wakuu wawe wawili, wachaguliwe na Kamati na majina yao yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Akiwa mmoja, siku akiugua Chama kizima kimefungiwa nje.

Pili, wawili hao wawe na jina jingine la cheo kidogo kwa kazi za kila siku. Hapana haja ya kuchukua ufunguo wa ghala kwenda kufungua chumba.

Tatu, ombi la tawi lijibiwe katika siku tatu, na likikataliwa sababu itajwe kwa maandishi.

Nne, Msimamizi Mkuu aweza kuwafungulia Wasimamizi wa matawi orodha ya programu zilizokwisha kutiwa, wakaziwasha na kuzizima wenyewe. Ruhusa hiyo itolewe, na nusu ya manung'uniko itakwisha.

Tano, mtu akiacha kazi, avuliwe cheo siku hiyo hiyo. Ikumbukwe kuwa kumwondoa katika tovuti ya tawi hakulifuti jina lake katika mtandao. Hiyo ni kazi ya Msimamizi Mkuu, na isiahirishwe kwa kuoneana haya.

Mali bila daftari hupotea bila khabari. Mtandao huu nao ni mali ya wanachama, na ufunguo wake ni amana, haukuwa heshima ya kugawiana. Twawaomba matawi yayajadili mapendekezo haya, na kila mjumbe aje Mkutano Mkuu wa mwaka akiwa na neno la tawi lake.