Je, damu yaweza kutabiri dawa itakayotufaa?

Katika maradhi mengi mgonjwa huuliza swali moja: dawa ipo? Katika maradhi ya uvimbe sugu wa utumbo dawa zipo, tena si moja. Swali linalowakosesha usingizi mgonjwa na jamaa zake ni jingine: ipi itanifaa mimi?

Maradhi hayo makubwa ni mawili. Kuna ugonjwa wa Crohn, uliopewa jina la tabibu wa New York aliyeueleza pamoja na wenzake wawili mwaka 1932, nao waweza kushika popote tangu kinywani hadi njia ya haja kubwa. Na kuna ule unaotia vidonda utumbo mpana peke yake. Katika yote mawili kinga ya mwili huugeukia utumbo wa mwenyewe. Mgonjwa, aghalabu kijana, huharisha kwa miezi, pengine damu; hukonda, naye huona haya kulitamka jambo hilo hata mbele ya mamaye.

Dawa ya infliximab, itiwayo mshipani kwa dripu, iliidhinishwa Marekani mwaka 1998, nayo iliwainua wengi waliokuwa taabani. Hata hivyo, takriban theluthi moja ya wagonjwa hawapati nafuu ya maana tangu mwanzo, na wengine huipata kisha ikawatoka. Kila dawa isiyofaa ni miezi ya utumbo kuzidi kuharibika, na ni fedha zisizorudi. Ndiyo sababu wataalamu wanatafuta viashiria: alama ndani ya damu, kinyesi au jeni, zitakazosema mapema.

Mwaka 2024 yalitangazwa matokeo ya jaribio moja la Uingereza ambalo twaona lastahili kujulikana. Watafiti wa Cambridge walikuwa na kipimo cha damu kinachosoma jinsi jeni zinavyofanya kazi ndani ya chembe nyeupe, wakitaraji kitawatenga wenye ugonjwa mkali na wenye ugonjwa mwepesi, ili kila mmoja apewe tiba ya kadiri yake. Walikijaribu kwa wagonjwa wapya 386 wa Crohn. Nusu yao walianzishiwa infliximab pamoja na dawa nyingine ya kutuliza kinga mara tu ugonjwa ulipothibitika. Waliobaki walipandishwa ngazi kama ilivyozoeleka: steroidi kwanza, dawa nzito baadaye, kila ugonjwa uliporejea.

Kipimo hakikufua dafu. Hakikusaidia kumchagulia mgonjwa tiba. Lakini miongoni mwa waliotibiwa kwa nguvu mapema, asilimia 79 walimaliza mwaka wakiwa na nafuu ya kudumu, bila steroidi za ziada wala upasuaji. Wa ngazi walikuwa asilimia 15 tu. Si haba kwa jaribio ambalo kipimo chake kilishindwa!

Jeni nazo zina la kusema. Watafiti wa Exeter walionyesha kwamba wenye aina ya jeni iitwayo HLA-DQA1*05, ambao ni kama watu 40 katika kila 100 wenye asili ya Ulaya, wana uwezekano mkubwa zaidi wa mwili wao kutengeneza kingamwili dhidi ya dawa yenyewe. Tafiti za namna hii zimefanywa zaidi kwa Wazungu, na hilo halitufurahishi.

Kipimo kilicho karibu zaidi na mgonjwa ni kalprotektini, protini ya chembe nyeupe inayopimwa katika kinyesi. Kazi yake kubwa ni kuonyesha iwapo dawa iliyokwisha kuanzwa inautuliza utumbo. Kwa hiyo ni vyema ipimwe kabla ya dozi ya kwanza, ili daktari awe na cha kulinganishia. Nayo hupanda pia kwa maambukizo ya kawaida, basi isisomwe peke yake.

Katika nchi zetu hapa pana la kuangaliwa zaidi. Kifua kikuu cha utumbo hufanana mno na Crohn, na infliximab yaweza kukiamsha kifua kikuu kilicholala mwilini. Kupima kifua kikuu kabla ya dripu ni lazima. Na aliyeharisha damu kwa wiki kadhaa, akameza dawa za amiba mara mbili tatu asipone, amwombe daktari kipimo cha kamera ya utumbo mpana kabla ya kununua dozi ya nne.