Mvinyo wa siku nyingi: umefika kilele au umeshapita?

Chupa ile ilikaa juu ya kabati la vyombo sebuleni kwetu Tanga karibu miaka 30. Mjomba, aliyekuwa akifanya kazi melini, alimpa mama siku ya harusi yake mwaka 1996 na kumwambia aifungue siku mtoto wake wa kwanza atakapoolewa. Mtoto huyo ni mimi, na bado sijaolewa. Mjomba naye alishafariki. Mwezi uliopita mama alipostaafu ualimu, akasema hasubiri tena.

Nyumba nzima tuliamini tunakwenda kunywa dhahabu. Si ndivyo tunavyoambiwa, kwamba mvinyo kadiri unavyokaa ndivyo unavyokuwa mtamu na mkali? Utamu huo ni wa mivinyo michache tu. Ukali ndiyo si kweli kabisa, maana kilevi hakiongezeki ndani ya chupa. Mvinyo wa asilimia 13 utabaki hivyohivyo.

Kinachobadilika ni ukakasi. Mvinyo mwekundu mchanga hukausha ulimi kama bibo, kwa sababu ya tanini zinazotoka kwenye maganda na mbegu za zabibu. Miaka ikipita tanini hushikana, nyingine hutua chini ya chupa pamoja na rangi, na mvinyo hulainika. Wakati huohuo harufu ya matunda mabichi hupungua na kuja ya matunda makavu, ngozi au uyoga. Kuna kipindi ulaini umeshafika na tunda bado halijaondoka. Hicho ndicho kilele. Mivinyo mingi ya dukani, ikiwamo mingi ya Dodoma, hutengenezwa inywewe ndani ya miaka michache, na ukiitunza zaidi unaipoteza.

Aliyefungua ni binamu yangu, mtoto wa mjomba huyohuyo, ambaye ni mhudumu wa vinywaji hotelini. Kabla ya kuonja alitazama kizibo. Kilikuwa kimesukumwa juu kidogo na mvinyo umevuja pembeni. "Joto," akasema. Mvinyo wa kukaa huwekwa gizani, kwenye nyuzi 12 hadi 14 hivi, chupa ikiwa imelazwa ili kizibo kisikauke na kupitisha hewa. Yetu ilisimama wima, chini ya bati, kwenye joto la Tanga.

Akaumimina polepole ili machicha yabaki chini (hayadhuru, ni tanini na rangi iliyotua), kisha akainamisha glasi juu ya karatasi nyeupe. Mvinyo uliozeeka vizuri huwa na rangi ya tofali pembezoni, na katikati bado ni mwekundu. Wetu ulikuwa wa kahawia mpaka katikati, kama chai ya rangi iliyolala. Harufu ilikuwa ya zabibu kavu zilizoungua, halafu siki. Ungenuka kama boksi lililolowa, kosa lingekuwa la kizibo, si la umri. Mdomoni ulikuja uchachu, kisha hakuna kitu. Binamu alisubiri dakika kumi, kwa sababu mvinyo mzee wakati mwingine huamka ukipata hewa. Huu haukuamka.

"Shangazi, umepita zamani," alimwambia mama.

Mama alikunywa wake taratibu hata hivyo, akamaliza. Sikumwambia kitu. Chupa ameiosha na kuirudisha juu ya kabati.

Nilichoshindwa kunyamazia ni pale mama mkubwa alipojaza glasi nyingine na kumsogezea mdogo wangu, mwenye mimba ya miezi sita. "Kunywa mwanangu, umekaa miaka yote hii, pombe imeshaisha, umebaki wa kuongeza damu." Dakika chache kabla tulikuwa tukisema umekuwa mkali zaidi!

Wekundu wa mvinyo ni rangi ya ganda la zabibu. Madini ya chuma yaliyomo ni kidogo, na tanini zilezile hupunguza uwezo wa mwili kufyonza chuma kilicho kwenye chakula, kama chai inavyofanya. Kilevi, hata cha mvinyo uliopita wakati, hupenya kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto na kinaweza kuathiri ubongo wake. Hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama kwa mjamzito. Na kwa akina baba wanaosema glasi moja ni dawa ya moyo, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilisema Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya.

Mama mkubwa alinuna. Lakini ni mabishano hayo yaliyotoa jambo tusilolijua: mdogo wangu alikuwa ameacha vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki. Vilimletea kichefuchefu, na choo cheusi kikamtisha. Choo cheusi ni kawaida kwa anayemeza vidonge vya chuma. Kichefuchefu huweza kupungua ukivimeza usiku kabla ya kulala, au pamoja na chakula kidogo. Chungwa husaidia chuma kufyonzwa, na chai isubiri saa moja au mbili. Hali ikizidi, rudi kliniki wakushauri, usiache kimyakimya.

Jumatatu nilimsindikiza. Damu ilisoma 9.8, wakati mjamzito kwa kawaida anatakiwa awe na 11 au zaidi. Ameanza vidonge upya, na muuguzi amempangia arudi kupima baada ya wiki nne.