Freni za nyuma: tamburu ao diski?

Vijana wengi wenye pikapu wanauliza: tutoe tamburu za nyuma, tuweke diski? Ni kweli, diski inapoa mbio, na maji hayakai ndani yake. Lakini muangalie vizuri. Tamburu inajikaza yenyewe kidogo gurudumu likizunguka. Diski haina nguvu ile, inaomba presha zaidi. Pompe ya freni ikiwa ndogo, pedali inashuka mpaka chini.

Tena, freni ya mkono! Kuna diski zisizo nayo kabisa, na watu wanasimamisha motoka kwenye mulima, watoto nyuma. Jiwe chini ya tairi si freni.

Kama pesa ni kidogo, mubadilishe garnitire, musafishe tamburu. Freni za mbele ndizo zinafanya kazi kubwa, muanze kule.