Mgonjwa karudishwa nyumbani, ndugu kafundishwa nini?

Nimeadimika kidogo, pilika za chumba cha habari mnazijua. Leo naomba niweke pembeni siasa niandike jambo la nyumbani kwetu. Dada yangu ameshalisoma na kasema poa, liende.

Kaka yetu mkubwa aliugua akiwa mwaka wa pili chuoni. Alianza kwa kujifungia chumbani, halafu akawa anasikia watu wanamjadili nyuma ya ukuta. Bi mkubwa alizunguka naye kwenye maombi, baadaye kwa mganga mmoja wa huko kwetu, na mwisho wa siku tukafika hospitali. Daktari akasema ni skizofrenia. Kaka alilazwa wiki tatu na akapata nafuu ya kweli, akawa anatania kama zamani. Siku ya kutoka, dada alikabidhiwa pakiti za vidonge na karatasi yenye tarehe ya kurudi. Maelezo yalikuwa haya: "Hakikisha anameza dawa." Dakika tano hazikufika.

Haukupita muda kaka akaanza kukakamaa. Shingo inajipinda, mikono inatetemeka, mate yanamtoka tukiwa mezani. Hakuna mtu pale nyumbani aliyekuwa ameambiwa kwamba haloperidoli inaweza kufanya hivyo, kwamba kuna vidonge vingine vya kutuliza hali hiyo, au kwamba daktari anaweza kupunguza dozi. Mjomba akasema hii dawa inammaliza mtoto, au waliomroga wameongeza. Na kwa tulichokuwa tunakijua sisi wakati ule, hoja ya mjomba ilikuwa na mantiki kabisa! Dawa zikaachwa. Wiki kadhaa baadaye kaka aliokotwa barabarani usiku, hana viatu, tukarudi wodini kuanza upya.

Simlaumu yule nesi. Nyuma yetu kulikuwa na foleni inayofika mlangoni. Ninachouliza ni hiki: mama mwenye mtoto mchanga akienda kliniki anafundishwa kunyonyesha, anaelezwa dalili za hatari, anaondoka na kadi yenye mchoro wa uzito wa mtoto. Mgonjwa wa kisukari anaelezwa ale nini na aangalie vipi miguu yake. Ndugu wa mgonjwa wa akili, ambaye atakaa naye usiku na mchana kwa miaka, kwa nini aondoke bila kujua hata dalili za mwanzo za ugonjwa kurudi? Kukosa usingizi siku mbili tatu, kuacha kuoga, kukataa kula na wenzake. Haya hayahitaji mashine wala fedha za wafadhili, yanahitaji mtu wa kuyasema.

Tunapenda kujisifu kwamba Waafrika tuna familia, wazungu ndio wana taasisi. Sawa. Mwaka 1954 daktari Mnaijeria, Thomas Adeoye Lambo, alianza utaratibu wake kule Aro, Abeokuta, ambapo mgonjwa alipanga kwenye nyumba za wanakijiji akiwa na ndugu yake, na ndugu huyo ndiye aliyempikia na kumpeleka hospitali ya jirani kwa matibabu. Dunia nzima iliusifu. Lakini angalia vizuri: ndugu wa Aro alikuwa jirani na hospitali. Akiona shingo inapinda, anakwenda kuuliza siku hiyohiyo. Sisi tumechukua nusu ya wazo lile, tumemwachia ndugu mzigo na kumnyima mtu wa kumuuliza.

Na upendo peke yake hautoshi, hili limenichoma mimi mwenyewe. Utafiti wa kina George Brown kule London, uliochapishwa mwaka 1972, ulionyesha kwamba wagonjwa waliorudi kwenye nyumba zenye lawama nyingi, au zenye ndugu wanaowaganda kupita kiasi, waliugua tena mara nyingi zaidi kuliko wengine. Haina maana kwamba familia ndiyo iliyoleta ugonjwa. Kwetu mzee alikuwa anamwita kaka mvivu kila asubuhi, akidhani anamtia moyo wa kuamka. Bi mkubwa alikuwa anamfuata hadi mlango wa choo. Wote wawili wanampenda kuliko nafsi zao. Nani angewaambia?

Wala msiseme hili ni la Ulaya. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Muhimbili na wenzao wa chuo cha Duke, Marekani, walijaribu hapahapa nchini, Muhimbili na Mbeya, mpango walioupa jina KUPAA, yaani Kuwezeshana Kupata Uzima. Wagonjwa na ndugu zao walikaa pamoja kwenye vikundi, wakafundishwa ugonjwa na namna ya kuishi nao. Kinachotakiwa ni kitu kama hicho kiwe cha kawaida kwenye kila hospitali ya wilaya, ndugu apewe siku yake kama mama mwenye mtoto anavyopewa.

Sisi waandishi nasi tuna letu. Mara ngapi tumeandika "Kichaa aua" kwa wino mwekundu, halafu mzazi anayesoma kile kichwa cha habari anaamua kumficha mwanaye chumba cha uani? Na pale chuoni, mtu akiongea peke yake tulikuwa tunamwita wa Mirembe, tunacheka. Mimi nilicheka kwa sauti kuliko wote.

Sasa dada. Aliacha kazi ya dukani Kariakoo ili akae na kaka. Hakuna kikao cha ukoo kilichomuuliza. Tulimwangalia tu kwa sababu ni mwanamke na hajaolewa. Mimi natuma hela kwa simu, naambiwa ahsante.

Amejitengenezea daftari. Kila siku anaandika kaka kalala saa ngapi, kala nini, kameza dawa au kakataa, mikono inatetemeka au hapana. Mwezi uliopita nesi mmoja mgeni aliliona, akaomba alipige picha kwa simu yake. Dada akamuuliza, "Kwani ninyi hamna la kwenu?"