Kabla ya kuagiza keki Nakuru, omba kipande kisichopakwa kitu

Kila ikikaribia Desemba, wanafunzi wangu wa zamani, ambao sasa wana harusi na ubatizo wa kuandaa, hunipigia simu: Mwalimu, keki nzuri hapa Nakuru inapatikana wapi? Nilifundisha Sayansi Kimu hadi nikastaafu, na jibu langu halianzi na jina la duka. Nawaambia wakaombe kipande cha keki tupu, isiyo na krimu wala aisingi.

Keki tupu haifichi kitu. Ile ya ghorofa tatu inayong'aa kwenye kabati la kioo huenda ilitoka kwenye oveni juzi, na urembo wa juu hautakuambia kama ndani imekauka. Onja kipande kitupu. Kikimomonyoka kama mchanga, au kikinata kwenye meno, shukuru uende zako.

Kuoka huku kwetu kuna ugumu ambao mwokaji wa Mombasa haujui. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 20. Gesi ya hamira na ya beking pauda hutanuka kwa kasi, keki ikaumuka kabla haijashika, kisha ikabonyea katikati. Maji nayo huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo unyevu hutoroka mapema. Mwokaji anayejua kazi hupunguza beking pauda, hupunguza sukari kidogo, huongeza maziwa. Wa Molo, kwenye baridi na mwinuko zaidi, hupunguza zaidi. Muulize anayekuuzia anafanya nini kuhusu jambo hili. Akikueleza bila kusita, kaa hapo. Mama wengi wanaooka kwa makaa, sufuria ndani ya sufuria yenye mchanga, walijifunza hili kwa mikono yao.

Kwa maoni yangu, keki bora za mji huu hutoka majumbani: Free Area, Shabab, Lanet, kwa watu wanaopokea arbuni kwa M-Pesa na kuoka usiku wa kuamkia sherehe. Mkate na skonzi nanunua supamaketi, asubuhi, zikiwa bado moto.

Pai ni habari nyingine. Ukila pai na mafuta yakabaki yameganda kwenye kaakaa, ujue ni mafuta mazito ya kupikia. Siagi huyeyuka kwa joto la mdomo. Na maziwa huku kwetu hayakosekani: kiwanda cha maziwa cha KCC kilianza Naivasha mwaka 1925. Njoro, Bahati na Nyandarua zimejaa ng'ombe wa maziwa. Mji uliozungukwa na maziwa namna hii unastahili pai ya siagi, hata ikigharimu shilingi chache zaidi, na mteja anayelalamikia bei hiyo afikirie pia mfugaji.

Linaloniudhi hasa ni mizani. Keki zetu huuzwa kwa kilo, na aisingi ni nzito kuliko keki yenyewe. Mzazi anayelipia kilo tatu za keki ya mwanawe hulipia sukari nyingi ambayo watoto wataikwangua na kuiacha kwenye sahani. Tena bei hiyo humshawishi mwokaji apake zaidi na aoke kidogo. Keki ipimwe kabla ya kupakwa, halafu kazi ya urembo itozwe peke yake, kwa saa zilizotumika. Anayefinyanga maua ya sukari mpaka usiku wa manane alipwe kwa ustadi huo, na aandike bei yake wazi mteja aione. Mwokaji mmoja wa Free Area ninayemwelekezea watu hufanya hivyo tayari, na maagizo yake ya Krismasi hujaa kabla Novemba haijaisha.